Mzee wa Usalama na Springi Zake

Kuna watu hawawezi kuona kitu kizima kikabaki kizima. Nilimfahamu mmoja kwa miaka, na jina lake sitalitaja, kwa sababu ni jina la watoto wake pia, na wao hawakunikosea. Kanisani tulimwita Mzee wa Usalama. Cheo hicho hakikuwepo kabla yake. Alikibuni mwenyewe, akampelekea mchungaji, na mchungaji akakibariki kwa kuwa alikuwa amechoka kuombwa. Tulipokutana naye uso kwa uso tulimwita Chef, kama sisi Wakongo tunavyomwita kila mwanamume anayependa kuitwa hivyo.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, wenye hamu hiyo wakaulize kwingine. Mimi nilimkuta Johannesburg akiwa tayari mtu mzima, mfupi, mwenye mabega mapana na viatu vinavyong'aa. Alikuwa msimamizi wa walinzi katika jengo la maduka upande wa kaskazini, kule ambako hata majani yanakatwa na mashine. Alikuwa na karatasi zote za nchi, na kati ya karatasi hizo kulikuwa na leseni ya bastola yake mwenyewe. Kwetu, watu tunaolala na kuamka tukiwaza foleni ya vibali, hilo lilitosha kumfanya mtu aonekane mkubwa. Yeye alitosheka nalo kuliko sisi.

Bastola yenyewe ilikuwa ya kawaida, nyeusi, kama zile zinazoning'inia viunoni mwa walinzi wa benki. Ilipiga. Hakuna aliyewahi kusema haipigi. Lakini Mzee wa Usalama hakuridhika na traiga yake, kile kidude kinachovutwa kwa kidole. Alisema viwanda vinatengenezea watu wa kawaida, watu wenye vidole vizito. "Traiga ya kiwandani," alituambia siku moja kwenye kikao cha wazee wa kanisa, tulipokuwa tunajadili rangi ya mapazia, "ni kama mlango wa gereji. Unavuta, unavuta, mpaka adui amechoka kukungoja."

Kwa hiyo akaagiza traiga nyingine. Haikutengenezwa na wale waliotengeneza bastola; ilitengenezwa na watu wengine wanaouza vipuri vya kunogesha silaha, kama vile vijana wa Jeppestown wanavyouza magurudumu ya kunogesha gari. Ilikuwa nyekundu. Ilikuja na kifuko cha plastiki chenye springi za rangi mbalimbali, ndogo kama vipande vya tambi, na kila rangi ilikuwa na ulaini wake. Springi hizo ndizo zilizommaliza. Kama kifuko kingekuwa na springi moja tu, angeifunga, akajisifu wiki moja, akaendelea na maisha. Lakini zilikuwa nyingi, na mtu wa aina yake hawezi kukaa na springi mezani bila kuijaribu. Alibadilisha springi kama wanaume wengine wanavyobadilisha stesheni za redio. Aliweka hii, akaitoa, akaweka ile, na kila mara alikwenda upande mmoja tu: upande wa laini zaidi.

Mke wake, Mama Solange, alikuwa mteja wangu. Nina saluni ndogo pale Jeppestown, chini ya jengo la vyumba vya kupanga, na mwanamke akikaa kwenye kiti cha kusukwa nywele kwa saa nyingi hawezi kuficha mambo ya nyumbani kwake. Kwa hiyo mengi ninayoyajua niliyapata kichwani mwa Mama Solange, kwa namna ya kusema. Aliniambia jinsi mumewe alivyokuwa akipima ulaini wa traiga kwa sukari. Alitundika mfuko wa sukari kwenye traiga, bastola ikiwa haina risasi, akaangalia kama itabofya. Ikibofya, alimwaga sukari kidogo, akatundika tena. Siku mfuko ulipopasuka, sukari ilijaa kwenye zulia, na sisimizi wakakaa nao mwezi mzima.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Ningemwambia nini, Mama Aline? Alikuwa anacheka kwa furaha. Alisema sasa inavutika kwa nusu ya sukari."

Jumapili nyingine ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea sala ya jioni. Waliishi Berea kama mimi, jengo la tatu kutoka letu, lifti haifanyi kazi, tukapanda ngazi tukiwa tunahema. Tulipofungua mlango tukakuta familia nzima imepiga magoti sebuleni: baba, mama, watoto wote, vichwa chini. Tukaguswa. Mama mmoja kutoka Goma alianza hata kuimba kwa sauti ndogo, akapiga magoti pamoja nao. Ndipo Mzee wa Usalama akainua kichwa na kusema, "Angalieni mnapokanyaga, imeruka springi ya njano." Sala ikaanza kwa kuchelewa, na wakati wote wa maombi nilimwona anafungua jicho moja, anatazama chini ya makochi.

Usidhani ilikuwa bastola tu. Alitengeneza mtambo wa gesi wa jirani, jirani akaungua nyusi. Alitengeneza spika za kanisa, zikaanza kupokea mazungumzo ya madereva wa teksi katikati ya mahubiri. Alikuja saluni kwangu akaona mashine yangu ya kukaushia nywele, ile ya kofia, akasema inapoteza muda wa wateja. Nilikataa. Akasubiri nitoke kununua maziwa kwenye kiduka cha spaza, akaifungua. Kesho yake mteja aliungua sikio, na nikabaki mimi wa kubembeleza. Nilipomuuliza, alinijibu kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mama Aline, mashine iko sawa. Ni yule dada ana masikio makubwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kazi yake haikuwahi kuharibika. Ni sisi tuliokuwa na masikio makubwa.

Kanisani tulikuwa na Mkenya mmoja, mhasibu wa benki, mtu mpole ambaye hubeba mwavuli hata kiangazi. Mzee wa Usalama alimdharau kabisa, alimwita Bwana Mwavuli. Siku moja baada ya ibada alikuwa anamweleza kuhusu springi, bila kuulizwa, na Mkenya akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa, mzee, ukishaifanya laini hivyo, unapata nini?"

"Nusu sekunde."

"Nusu sekunde ya kufanya nini?"

Mzee wa Usalama akaniangalia mimi kana kwamba ni mimi niliyeuliza. Halafu akasema watu wa ofisini hawawezi kuelewa mambo ya barabarani, akaondoka akigusagusa kiuno chake.

Na mzungu mmoja aliyefundisha watu kwenye uwanja wa shabaha alimwambia wazi, mbele ya wanafunzi wengine, kwamba bastola ya namna hiyo ni ya mashindano, ya kupiga karatasi, si ya mtu kutembea nayo kiunoni sokoni. Hili simsingizii. Alitusimulia mwenyewe, kama kichekesho. "Eish, yule mzungu," alisema, "mikono yake minene kama mkate. Ananiambia mimi! Mimi usalama wangu ni kidole hiki hapa." Akatuonyesha kidole. Tukakiangalia. Kilikuwa kidole.

Mtu huyuhuyu hakuweza kuchinja kuku. Mama Solange ndiye aliyechinja, na yeye akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi mpaka kelele ziishe. Aliogopa mbwa, hata wale wadogo wenye nywele wanaobebwa na mabibi kule anakofanya kazi. Alilia kwenye harusi za watu asiowajua. Na jua likikaribia kuzama, kwaya ikimaliza mazoezi, alisindikiza akina mama na wasichana mpaka stendi ya teksi, wengine mpaka mlangoni kwao Joubert Park, na hakuwahi kumgusa mtu wala kusema neno chafu. Nasema haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yananifurahisha. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mtu mbaya moja kwa moja.

Hata hiyo saluni yangu ipo mpaka leo kwa ajili yake, na hapo ndipo hadithi yake inaponikera zaidi.

Ilikuwa mwaka 2015, siku zile maduka ya wageni yalipokuwa yanavunjwa. Nilikuwa ndani na mdogo wangu Furaha na wateja wawili wenye nywele nusu, mchana kweupe. Tukasikia filimbi na kelele zinakuja kutoka upande wa hosteli wanakolala wafanyakazi wa Kizulu. Nilikimbilia kuteremsha mlango wa chuma, ukakwama katikati, kama ulivyozoea. Mteja mmoja akaanza kulia. Furaha alikuwa ameshika pasi ya nywele, moto, ameinyanyua kama rungu.

Mzee wa Usalama hakuwa na zamu siku hiyo. Sijui nani alimwambia. Alikuja anakimbia, amevaa ndala na koti lake la ngozi juu ya fulana ya kulalia, akasimama mbele ya ule mlango uliokwama. Wanaume wenye fimbo na nondo walipofika, akaingiza mkono mmoja ndani ya koti, ubavuni, akauacha hapohapo. Mkono mwingine akauinua, kiganja wazi. Kizulu chake kilikuwa kibovu mno. Akasema, "Bafowethu, ngicela. Kunomama kuphela lapha." Ndugu zangu, naomba. Hapa wapo akina mama tu.

Aliyekuwa mbele, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, alitazama ule mkono uliokuwa ndani ya koti. Akatazama ndala. Walibaki wanaangaliana muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama ibada ya mkesha. Kisha yule kijana akacheka, akasema neno ambalo sikulielewa, wakapita. Wakavunja duka la simu lililokuwa ng'ambo ya barabara. Kwetu hawakurudi.

Walipokwisha kuondoka alikaa kwenye kizingiti, akaomba maji. Furaha akampa kikombe, na meno yake yakapiga muziki kwenye kile kikombe. Nilimshukuru siku hiyo kwa moyo wangu wote. Nilimshukuru na Jumapili pia, mbele ya watu. Lakini hadithi aliyoisimulia yeye ilianza kukua. Kwanza alikuwa ameshika bastola. Baada ya mwezi alikuwa ameshaweka kidole kwenye traiga. Ilipofika Krismasi, yule kijana wa kofia ya sufu alikuwa ameona mtutu, akabadilika rangi, na kilichomwokoa ni huruma ya Mzee wa Usalama tu, maana ile traiga nyekundu ingefyatuka hata kwa pumzi.

Mwaka uliofuata Mama Solange alikuwa kwenye kiti changu, nafumua rasta zake, tukaanza kuikumbuka siku ile. Akacheka kicheko kidogo cha uchovu.

"Mama Aline, siku ile bastola ilikuwa mezani kwangu. Vipande vipande, juu ya taulo la mtoto. Alikuwa anabadilisha springi. Simu ilipolia alijaribu kuifunga haraka, springi ikamruka. Akasema basi, akachukua koti, akaondoka."

"Kwa hiyo ndani ya koti kulikuwa na nini?"

"Mkono wake."

Niliacha kufumua. Nilimwona tena akiwa amesimama pale na ndala zake, ana mkono mtupu ubavuni, anaomba kwa Kizulu kibovu. Yaani mtu huyu alifanya jambo moja kubwa maishani mwake, jambo ambalo mashujaa wengi wenye silaha wasingeweza kulifanya, na akalificha. Akaliona ni aibu. Badala yake akatuuzia hadithi ya bastola.

Nilimwambia siku moja, tukiwa peke yetu kanisani tunapanga viti. "Chef, najua siku ile ulikuja mikono mitupu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yako."

Alibadilika uso kana kwamba nimemwita mwizi. "Nani amekuambia? Ni uongo! Ilikuwa hapa!" Akajipiga ubavu. Hakunisalimia kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo dharau yangu ilipopata mizizi, kwa maana nilielewa kwamba anaipenda ile springi kuliko anavyojipenda mwenyewe.

Sasa niseme la Furaha.

Kanisa letu lilikuwa karakana ya zamani, paa la bati, sakafu ya saruji yenye madoa ya oili ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Jumamosi moja ya mwaka 2017, alasiri, kwaya ilikuwa na mazoezi. Mzee wa Usalama hakuimba, lakini hakukosa mazoezi, kwa sababu spika zilikuwa zake. Miezi hiyo alikuwa ameacha kile kifuko kigumu cha bastola walichouziwa walinzi wote. Alisema kinachelewesha mkono. Alikuwa amejishonea kingine cha kitambaa laini, anakiingiza ndani ya suruali.

Aliinama kunyanyua spika. Nilimwona vizuri, nilikuwa kwenye mstari wa pili wa sauti za chini. Bastola ikateleza ikatoka. Akaachia spika na kuidaka bastola kabla haijafika chini, upesi sana, kama mtu anayedaka yai. Kidole kikagusa traiga, ikapiga.

Chini ya bati, sauti ile haikuwa kama ya kwenye filamu. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango ndani ya kichwa changu. Nilidhani ni spika imelipuka, kwa kuwa ni yeye aliyeitengeneza, na nikaanza hata kukasirika. Kisha nikamwona Furaha, mbele yangu, anakaa chini taratibu, ameshika karatasi ya nyimbo.

"Dada," akasema, "mguu wangu umelowa."

Risasi ilikuwa imepita kwenye kifundo cha mguu. Watu walipiga kelele, wengine wakalala chini, wengine wakakimbilia mlango. Aliyepiga magoti kwanza alikuwa Mkenya wa mwavuli. Alivua tai yake akaufunga mguu juu ya jeraha, akakaza, akaniambia nishike hapa, nisiachie, akakimbia kuleta gari. Nilishika. Mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Nikainua macho nikamtafuta Mzee wa Usalama.

Alikuwa amesimama palepale, bastola imeelekea chini, anaitazama. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa mwalimu, "Si mimi. Ni springi."

Nimesikia maneno mengi mabaya katika maisha yangu. Nimevuka mipaka, nimesimama kwenye madirisha ya ofisi nikitukanwa na watoto wadogo wenye mihuri. Sikumbuki maneno yaliyonitia hasira kama hayo.

Siku Mzee wa Usalama alipokuja hospitali, Furaha alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kwanza. Nilisimama, nikadhani amekuja kuomba msamaha. Alikuwa amevaa suti. Aliuliza hali, akavuta kiti, akatoa kalamu mfukoni, kalamu ya kubofya, akaifungua, akamwaga springi yake kwenye blanketi la mgonjwa. Akaanza kueleza. Springi ikiwa hivi, inarudisha. Ikichoka, hairudishi. Waliomuuzia walimuuzia springi zilizochoka. Alibofya, akabofya. Mama aliyelazwa kitanda cha jirani alikuwa anatutazama, hajui kama acheke au alie.

Furaha alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Na mguu wangu, Chef, una springi gani?"

Alikusanya kalamu yake. Springi ilibaki kwenye blanketi. Nikamwambia aende.

Mama Solange alikuwa tofauti. Alikuja kila siku na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akamwogesha Furaha, akamkata kucha, akakaa bila kusema. Nilishangaa ukimya wake, maana kwenye kiti changu hakunyamaza kamwe. Nikadhani ni aibu ya mume tu.

Polisi walichukua bastola. Mahakama ikasema hafai kumiliki silaha tena, na kule kazini wakamwondoa. Kanisani cheo kilikufa bila mazishi. Mchungaji aliniita ofisini, akanisihi nimsamehe ndugu yetu kwa ajili ya umoja. Nikamuuliza kama ndugu yetu ameomba msamaha. Mchungaji akasema bado, lakini ana uzito moyoni. Nikamwambia mdogo wangu ana vyuma mguuni, tuone uzito upi utashuka kwanza. Familia ile ikahama Berea, na sikuwaona tena kwa muda mrefu.

Furaha alirudi kazini kabla daktari hajaruhusu. Alikuwa msusi mwenye mikono myepesi kuliko yangu, lakini kazi hii ni ya miguu, na mguu wake haukubali kusimama tena. Mteja akiwa mrefu, anakaa kwenye mto sakafuni, na Furaha anasuka akiwa ameketi kwenye kiti. Wateja wengine walihamia saluni nyingine. Waliobaki ni wale wanaompenda.

Mwaka 2019 nilikuwa natoka Park Station, napita njia ya Joubert Park, nikamwona. Alikuwa mlangoni mwa duka la fanicha, amesimama kando ya kiti cha plastiki, ana sare kubwa kuliko mwili wake na kirungu kinachoning'inia mkononi. Amekonda. Viatu vilikuwa na vumbi. Nilitaka kupita, lakini alikuwa ameshaniona.

"Mama Aline. Muko wazima?"

"Wazima."

Tukasimama. Watu wakatupita na magunia yao. Akaanza: "Unajua, nimesoma kuhusu zile springi, kuna watu Amerika pia walipata shida..." Nikageuka kuondoka. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa nimechoka.

"Mama Aline, ngoja." Akashusha sauti. "Ilikuwa imeshafyatuka kabla. Nyumbani. Niliiweka tu juu ya kabati, ikapiga. Risasi iliingia kwenye gunia la unga. Watoto walikuwa shule."

Nikarudi hatua moja.

"Mama Solange alilia," akasema. "Aliniomba nirudishe springi za zamani. Alipiga magoti. Nikamwambia nitarudisha. Nikaweka nyingine. Laini zaidi, ili nimwonyeshe kwamba tatizo haliko kwenye ulaini."

Hapo nikaielewa sombe yote ile, na zile kucha zilizokatwa kimya kimya.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani?"

"Unajua nani. Saluni haijahama."

Akatazama kirungu chake. "Nitasema nini?"

"Sema hivyohivyo ulivyosema sasa. Usilete kalamu."

Sikutegemea angekuja. Nilimjua. Niliporudi sikumwambia Furaha chochote, kwa kuwa sikutaka amngoje mtu ambaye hatafika.

Alikuja Jumamosi, mchana, saluni imejaa. Alivaa shati safi. Alisimama mlangoni na wanawake wote wakageuka, hata wale wasiomjua, kwa jinsi mimi nilivyoacha kuchana. Furaha alikuwa kwenye kiti chake, anasuka nywele za msichana aliyeketi sakafuni, mgongo kwa mlango. Alimwona kwenye kioo. Mikono yake haikusimama.

"Furaha," akasema. "Ile springi..."

"Chef, usianze."

Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono, akashindwa, akaiacha ining'inie. Akasema kwa Kiswahili cha kwetu, polepole, mbele ya watu wote wale: "Nilijua. Ilishapiga nyumbani, nikajua, nikaivaa tena. Ni mimi."

Hakuna aliyesema amina. Kulikuwa na feni inayozunguka na sauti ya robota la nywele likifunguliwa, na nje dereva wa teksi anapiga honi. Furaha alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaufunga fundo dogo mwishoni, akaukata uzi. Akamtazama kwenye kioo.

"Nimesikia," akasema. "Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Akasogea.